Yule Mama Niliyemsahau Ziwani

Wajukuu zangu mnaoanza kuandika, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, na hata zamani haukuwa mkono wa kusifiwa. Nilisoma madarasa manne tu, na herufi zangu nyingi nilizizoea kazini, juu ya marobota ya pamba. Mkikuta r imekaa kwenye kiti cha l, msishtuke, huo ni ulimi wa Kisukuma umeshika kalamu. Mruke mwendelee.

Mjukuu wangu ameniambia kwamba hapa Mwanza kuna vijana wengi wana vitabu walivyoanza na hawajavimaliza. Mmoja ana sura tatu na mwaka wa pili sasa hajaongeza mstari. Mwingine ana sura moja, nzuri sana, ameiandika mara tisa. Nilipomsikia nilicheka mpaka chai ikanipalia. Huyo wa mara tisa namjua. Huyo ni mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, enzi za Mwingereza, kabla ya ile vita ya pili.

Nilifanya kazi miaka zaidi ya thelathini katika jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba, pale ufukweni chini ya mji. Tajiri alikuwa Mhindi, mtu wa maneno machache, na sisi wengine tulitoka pande zote za ziwa. Mimi kwetu ni Buswelu. Nyakato mnayoijua ninyi, yenye viwanda na nyumba za wafanyakazi, sisi tulikwenda kukata kuni huko.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Robota likishafungwa kwa mikanda ya chuma, naweka juu yake bati lililokatwa herufi, napitisha brashi ya wino mweusi, naondoa bati. Herufi moja ikipotoka, robota linakuwa chafu na huwezi kufuta. Kwa hiyo nilizoea kwenda polepole. Hata nilipoandika barua nyumbani, kila herufi niliisimamisha peke yake kama naipiga chapa. Wenzangu wakaniita Kinyonga. Jina lilinifaa, maana nilikuwa na aibu pia. Mtu akiniamkia, mimi natazama vidole vyangu vya miguu ndipo najibu.

Huyo Kinyonga ndiye aliyeamua kuandika kitabu. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu vya shule, nikaona havina ngoma hata moja. Nikasema, mimi nitaandika cha ngoma.

Ninyi mnaziona ngoma zetu siku za sherehe, zimepangwa, mtu anatangaza kwa kipaza sauti. Zamani haikuwa hivyo. Wasukuma wachezaji walikuwa pande mbili, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno pande zote mbili zinakuja uwanja mmoja, siku moja, na zinacheza kwa wakati mmoja, hawa huku na hawa kule. Hakuna hakimu. Watu wanasimama katikati, halafu wanaanza kusogea. Upande unaofuatwa na watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kiongozi alileta mbinu zake: wengine nyoka, wengine nungunungu, wengine dawa ya kuvuta watu iliyozikwa uwanjani alfajiri. Ukipenda kujua nani kashinda, tazama miguu ya watazamaji.

Kitabu changu kilikuwa na viongozi wawili, Gindu wa Wagika na Lufega wa Wagalu. Walinyonya ziwa la mama mmoja. Mama huyo alimzaa Lufega, na mama yake Gindu alipofariki, alimchukua Gindu akamlea pia. Wakakua, wakaingia pande mbili, wakawa hawasalimiani. Kitabu kianze wakati wa kupanda na kiishe siku ya ngoma kubwa. Niliona ni jambo la wiki tatu.

Sura ya kwanza ilinichukua miezi miwili. Niliandika mistari kumi kila mapumziko ya mchana, nimejificha nyuma ya marobota, na kesho yake niliona mistari sita haifai, nikaanza upya. Karatasi zilikuwa zile za kaki za kufungia sukari, dukani waliniwekea. Wino niliuacha mapema. Ninyi mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi? Siku moja wingu lao lilitua kwenye ukurasa ambao haujakauka. Ukurasa mzima ulikuwa na miguu na mabawa. Tangu siku hiyo natumia penseli, nanyi nawashauri hivyohivyo mkikaa karibu na maji.

Aliyenikamata nyuma ya marobota ni Mama Milembe. Huyu alikuwa mkubwa wa wanawake wa kuchagua pamba. Kazi yao ni kutenga safi na fifi. Safi ni ile nyeupe, fifi ni ile yenye madoa, uchafu, iliyonyeshewa. Mama Milembe hakuhitaji hata kuitazama. Aliisugua kidogo kwa vidole huku anazungumza habari nyingine, akaitupa inakostahili.

"Shikamoo mama," nikasema, nikizificha karatasi.

"Marahaba. Unaandika barua kwa mchumba?"

"Hapana mama. Ni hadithi."

"Hadithi? Na kila siku nakuona unachana! Nisomee."

Nikamwambia siwezi kusoma nikitazamwa. Akasema, "Basi simama nyuma ya robota, mimi nikae huku. Nitasikiliza robota." Nikasoma. Nilipomaliza akauliza sura ya pili iko wapi. Nikamwambia bado naitengeneza ya kwanza, ina fifi.

Akanicheka. "Wewe umezaliwa kwa wakulima kweli? Shamba kubwa, mvua iko karibu, nawe unasimama kwenye shina la kwanza unachambua vumbi! Vuna yote. Uchaguzi ni kazi ya kivulini, tena ya kukaa. Lete fifi, lete safi, lete na majani. Ukiwa nayo yote nyumbani ndipo uone una nini."

Wajukuu, kama mnachoka kusoma, someni maneno hayo ya Mama Milembe mara mbili, mengine muache. Nilikuja kufundishwa na wasomi mambo mengi ya kuandika, lakini sikuambiwa jambo lililonisogeza kama hilo. Mwezi uliofuata niliandika sura nne. Mbaya sana. Lakini nne.

Lakini nirudi nyuma kidogo: kesho yake baada ya kunikamata, Mama Milembe alikuja na wanawake wawili. Keshokutwa wakaja wanaume wa kushindilia. Kabla ya wiki kwisha watu zaidi ya ishirini walikaa chini mchana, wanakula viazi na kusikiliza robota linaloongea. Ndilo jina walilonipa. Hawakunichungulia, maana waliona nikichunguliwa sauti inakatika.

Sasa niwaeleze hao wanaume wa kushindilia, maana taabu ilianzia kwao. Siku hizi mashine inashindilia yenyewe. Ilipoletwa, nami nilikuwa tayari na mvi, tulisimama kuitazama kama watoto. Lakini wakati ule pamba iliyochambuliwa ilimwagwa ndani ya sanduku refu la mbao, na wanaume wanane wakaingia ndani kuikanyaga kwa miguu. Walikanyaga kwa wimbo. Mguu wa kulia wote, wa kushoto wote. Wakikanyaga pamoja robota linatoka mraba kama tofali. Kila mtu akikanyaga lake, upande mmoja unakuwa mgumu na mwingine laini. Robota hilo ukilisimamisha, linalala, na ukilipanga na wenzake melini, linaangusha safu.

Kati ya wanane hao, wanne walikuwa Wagika, na mkubwa wao Masalu, mrefu, mcheshi. Wanne walikuwa Wagalu, na mkubwa wao Jidayi, mfupi, mcheshi kuliko Masalu. Miaka yote walitaniana bila neno. Kisha mimi nikaleta Gindu na Lufega.

Sikufikiri, wanangu. Nilifikiri naandika juu ya watu wa kubuni. Lakini siku Gindu alipompokonya Lufega mpiga ngoma wake, Wagalu walitoka mapumzikoni wamenuna. Siku Lufega alipochimbua dawa ya Gindu uwanjani, Masalu alisema kwa sauti, "Huyu Kinyonga ana mjomba Mgalu, tunajua!" Halafu siku moja mchana walipoingia sandukuni Masalu akaanzisha wimbo, na Jidayi akasema, "Huo ni wimbo wa Gindu. Sisi hatuuchezi." Akaanzisha wake. Wanne wakakanyaga hivi, wanne wakakanyaga vile.

Siku hiyo nilipiga chapa marobota yaliyoinama kama walevi.

Nyapara wetu aliitwa Mzee Shabani, Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani, kwa hiyo alitutukana kila siku na sisi tukamrudishia, ilikuwa kama salamu. Lakini siku ya tatu ya marobota malevi alikuja kwangu bila utani.

"Kinyonga. Tajiri ameyaona. Nimemwambia ni sanduku lililopinda. Nimesema uongo kwa ajili ya hadithi ambayo wala si ya Wanyamwezi."

"Samahani mzee."

"Hadithi hiyo ina mwisho?"

"Bado."

"Jumamosi tunafunga msimu. Jumamosi mchana uwe umeimaliza, na iwe imewamaliza hawa wote wawili. Vinginevyo karatasi zako zinaingia kwenye tanuri la boila, nawe msimu ujao utafute kazi kwa hao wachezaji wako."

Ilikuwa Jumatano.

Hapo nilijua maana ya kukwama. Gindu akishinda, watu wanne hawatakanyaga na wenzao, na msimu ujao nitalaumiwa mimi. Lufega akishinda, ni hivyohivyo. Nilijaribu kuwafanya watoke sare, nikaona aibu mwenyewe. Nani amepata kuona watu wanasogea nusu huku nusu kule, sawasawa? Nilijaribu kuleta mvua iwatawanye. Nikaisoma peke yangu, nikasikia sauti ya mtu mwoga. Alhamisi sikuandika hata mstari.

Ijumaa mchana Mama Milembe alinikuta nimeshika kichwa. Akaniuliza swali ambalo, kusema kweli, alikuwa ameniuliza karibu kila siku kwa miezi mitatu.

"Na yule mama?"

"Mama yupi?" nikasema, mawazo yangu yote yakiwa kwa wachezaji.

"Yule aliyewalea. Sura ya pili umeniambia amechukua mtungi, ameteremka ziwani kuchota maji. Hajarudi."

Lazima niwaambie kwamba hilo lilikuwa limeshakuwa mzaha wa jineri nzima. Mtu akichelewa kazini, Jidayi humwambia, "Ulikuwa unamtafuta mama wa Kinyonga?" Masalu alishasema mamba amemla siku nyingi. Mimi nilicheka nao na kuona haya, maana lilikuwa kosa langu tu. Nilikuwa nakimbilia wachezaji, nikamsahau mtu kwenye maji. Niliwaza kwamba nikija kuchagua fifi nitaifuta sentensi ile, na mama atakuwa hajakwenda popote.

"Mama," nikasema, "huyo nitamfuta."

Mama Milembe akaacha kutafuna. "Umfute? Mimi ndiye ninayemsikiliza kila siku. Hao wanaume wako wanaruka tu, mimi nawajua, ninao wawili nyumbani. Nakuja hapa nijue mama wa watu yuko wapi."

Akainuka, akaenda zake. Nami nikabaki natazama ziwa, lilikuwa palepale, hatua thelathini. Nikajiuliza kwa mara ya kwanza: kweli, msimu mzima ameenda wapi?

Nikachukua penseli. Niliandika mchana ule, na Jumamosi asubuhi tangu kunapambazuka, maana marobota yalikuwa yameisha na brashi yangu imeoshwa. Sikufuta neno. Niliandika kama wavunaji wanaokimbia mvua, majani na yote. Kurasa tano! Kinyonga hajapata kwenda mbio vile tena maishani.

Mchana kengele ikalia. Nikachukua karatasi, nikaenda mahali pangu.

Hapakuwa na robota. Yote yalikuwa yamepelekwa gatini, yamepakiwa. Uga ulikuwa mweupe, umefagiliwa, na watu wote wamekaa, Wagika kushoto, Wagalu kulia, Mzee Shabani katikati amekunja mikono. Nilizunguka nikitafuta cha kusimama nyuma yake. Hata pipa.

"Tazameni," Jidayi akasema, "robota limeota miguu!"

"Tena lina macho," akasema Masalu. "Miezi mitatu sikujua lina macho."

Wakacheka wote pamoja, na kicheko kile kilinisaidia, maana nao walikuwa hawajacheka pamoja wiki nzima. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikaanza kusoma.

Nikasoma uwanja unavyojaa. Nikasoma Gindu anaingia na nyoka wake shingoni, Wagika wakapiga vigelegele. Nikasoma Lufega anaingia juu ya mabega ya watu, Wagalu wakainuka. Nikasoma watazamaji wanaanza kusogea, hatua moja huku, hatua moja kule. Masalu na Jidayi walikuwa wamesimama sasa, kila mmoja na watu wake nyuma, wananitazama mdomo. Mzee Shabani akatazama tanuri.

Ndipo nikasoma hivi, nayakumbuka mpaka leo:

Kwenye njia itokayo ziwani akatokea mama mmoja ana mtungi kichwani. Watoto ndio waliomwona kwanza. Wakasema, mama amerudi. Watu wakageuka. Mtu mmoja akamsogelea, na wa pili, na wa kumi, mpaka uwanja ukabaki na wachezaji peke yao, na ngoma zikawa zinasikika kama mtu anayegonga nyumba isiyo na watu. Gindu akaacha kucheza. Lufega akaacha. Wakamwuliza, mama, ulikuwa wapi? Akasema, "Niliteremka kuchota maji nikakuta mtumbwi unakwenda Ukerewe, nikamkumbuka dada yangu, nikapanda. Nimekaa huko msimu mzima, na hakuna aliyeniulizia, maana mlikuwa na ngoma zenu. Haya. Nani ana kiu?"

Na wale wawili ndio waliokuwa na kiu kuliko wote. Wakanywa katika kata moja.

Nikafika mwisho. Nikatazama tanuri. Nikafikiri, basi, boila.

Masalu alitoa mlio kama wa mbuzi. Alikuwa anacheka. "Ukerewe! Sisi tunasema mamba, kumbe bibi amekaa Ukerewe anakula samaki!" Jidayi akaketi chini kwa kucheka, anapiga ardhi. "Miezi mitatu! Na hawa mabwana hawajajua hata nani anawapikia!" Mtu akapaza sauti, "Mama amerudi!" na wengine wakaitikia, na kabla sijakunja karatasi ulikuwa umeshakuwa wimbo, mguu wa kulia wote, wa kushoto wote, Wagika na Wagalu, wanakanyaga uga mtupu kana kwamba kuna pamba chini. Msimu uliofuata waliuimba ndani ya sanduku. Marobota yalitoka mraba.

Mzee Shabani alinishika bega. "Sichomi," akasema. "Lakini angekuwa mama wa Kinyamwezi angerudi jioni ileile na maji yake. Ninyi Wasukuma hata mama zenu ni wazururaji."

Mama Milembe hakucheka wala hakuimba. Alisubiri watu watawanyike, akaninyooshea mkono. Nikampa rundo lote la karatasi za kaki. Hakujua kusoma. Akashika ukurasa mmoja kati ya vidole, akausugua kidogo, akashika mwingine, kama anavyofanya siku zote, huku anatazama pembeni.

"Fifi," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Fifi nyingi. Lakini shamba limevunwa lote." Akanirudishia. "Sasa kaa kivulini."

Nilikaa kivulini miaka miwili nikichagua. Hakikupigwa chapa kitabu kile, nisiwadanganye. Nilikipeleka kwa watu wakasema ni cha ngoma mno. Viwili nilivyoandika baadaye ni bora zaidi. Lakini hicho cha kwanza bado ninacho kwenye sanduku la bati. Kwenye ukurasa wa mwisho nilipitisha brashi juu ya bati la chapa, herufi nyeusi, zimenyooka, kana kwamba ni robota la mwisho la msimu. Nilijifunza siku ile kwamba kitu kibaya kilichokwisha unaweza kukishika mkononi ukakisugua, na kitu kizuri ambacho hakijaisha huwezi.

Wewe mwenye sura tatu na wewe wa mara tisa, leteni yote na majani yake. Na mkikwama karibu na mwisho, msiwatazame wachezaji. Rudini nyuma mkamtafute mliyemtuma maji.

Sasa mkono umechoka. Naomba mniandikie, kwa penseli, kwa mwandiko wowote, hata ule mbaya kuliko huu. Sihitaji habari za afya wala mvua, naziona mwenyewe. Niambieni kitu kimoja tu: ni nani mmemwacha ziwani, na mnadhani amekwenda wapi?